Fundi rada aliyeona ndani ya fuvu

Nimekuwa kimya siku kadhaa, majukumu yalinizidi. Leo nimerudi na historia kidogo.

Juzi mshikaji wangu niliyesoma naye sekondari alinipigia. Yeye ni askari, kitengo cha mawasiliano. Anataka kuomba kuhamia upande wa tiba hukohuko jeshini, asomee upigaji picha za eksirei na CT, ili siku akivua gwanda awe na kazi mkononi. Wenzake wanamcheka. "Wanasema miaka sita ya redio na nyaya naitupa jalalani," akaniambia. Sikuwa na jibu. Nikaingia kusoma, nikakutana na Godfrey Hounsfield.

Huyu bwana alizaliwa Uingereza mwaka 1919, kitinda mimba wa mkulima mwenye watoto watano. Darasani hakuwa wa kutisha. Raha yake ilikuwa mashine za shambani. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alijitolea Jeshi la Anga, akafundishwa elektroniki na rada, kisha akawa mwalimu wa mafundi rada kule Cranwell. Muda wake wa ziada aliutumia kuunda vifaa vya kufundishia.

Vita ikaisha 1945. Wadau, hapa ndipo pa kutazama. Afande mmoja mkubwa, Cassidy, alikuwa ameipenda kazi yake. Akamsaidia kupata fedha za kusomea uhandisi wa umeme katika chuo cha Faraday House, London. Hounsfield alitoka na diploma. Akaajiriwa EMI, kampuni ileile iliyotoa santuri za Beatles, akaanza na rada, baadaye akahamia kompyuta.

Mwaka 1967 akapata wazo: ukipitisha miale mwilini kutoka pembe nyingi, kompyuta inaweza kupiga hesabu na kuchora kipande cha ndani kana kwamba umekikata kwa kisu. Mtambo wake wa kwanza wa majaribio ulitumia miale ya gama na kuchukua siku tisa kwa picha moja! Alipohamia eksirei zikabaki saa tisa. Alijaribia hata ubongo wa ng'ombe kutoka buchani. Tarehe 1 Oktoba 1971, hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, akapigwa picha mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani. Uvimbe ukaonekana. Kabla ya hapo moja ya njia za madaktari ilikuwa kuingiza hewa kuzunguka ubongo ndipo wapige eksirei, na mgonjwa aliumia kwelikweli.

Mwaka 1979 alipata Nobel ya tiba pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa amezifikia hesabu hizo kivyake. Hadi leo vipimo vya CT husomwa kwa kizio chenye jina la Hounsfield.

Wala hakuwa peke yake. Ian Donald, daktari aliyetumikia Jeshi la Anga la Uingereza vitani, alizifahamu rada na sona huko. Mwaka 1955 alibeba vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa hadi kiwandani karibu na Glasgow, akavipima kwa mtambo wa kutafuta nyufa kwenye chuma. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha matokeo, na altrasaundi ya wajawazito ikapata njia.

Basi nimempigia mshikaji. Nimemwambia hatupi kitu jalalani. Ataanza upya kwenye mifupa, mishipa na kujikinga na mionzi, hilo halikwepeki. Lakini aliyezoea kusaka ishara dhaifu katikati ya kelele haendi mikono mitupu.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, ila huyo Hounsfield alikuwa na Cassidy."

Kweli. Kipaji kilikuwa cha fundi, ila mlango ulifunguliwa na mkubwa wake. Barua ya mshikaji sasa iko mezani kwa mkuu wake, inasubiri saini.

Mnasemaje wadau? Tuko pamoja.