Kanisa la Baiskeli

Msomaji, kama umepata kusafiri kutoka Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya chini, hapana shaka umeliona kanisa dogo lililo kando ya njia, karibu na Mai Mahiu, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa umesimama juu yake. Lilijengwa mwaka 1942 na Waitalia waliotekwa vitani, ambao waliwekwa kuitengeneza barabara ile. Leo napenda tusafiri kwa fikira mpaka nchi ya wajenzi hao, tukapande mlima mwingine wenye kanisa dogo kileleni. Kanisa la Mai Mahiu hukumbusha watu waliotengeneza njia. Kanisa tuendalo hukumbusha watu walioipanda njia kwa miguu miwili na magurudumu mawili.

Mlima huo huitwa Ghisallo, nao uko kaskazini ya Italia, juu ya Ziwa la Como. Ziwa hilo lina umbo la panda ya manati: mkono mmoja waelekea kaskazini, na miwili yaelekea kusini. Penye makutano ya mikono hiyo pana mji wa Bellagio, na hapo ndipo mpando uanzapo. Uso wa ziwa u karibu meta 200 juu ya bahari, na kilele ni meta 754. Njia yenyewe ni kiasi cha kilomita 8 na nusu. Mtoto wa Limuru aweza kucheka, maana yeye hulala na kuamka mahali palipo juu zaidi ya hapo. Walakini asicheke upesi. Mahali pengine barabara hiyo huinuka meta 14 katika kila meta 100. Mwenye baiskeli huinama juu ya usukani, pumzi humpaa, na mapaja humuwaka moto. Kisha njia hujikunja, naye hutazama chini akaliona ziwa limelala kimya kati ya milima. Maji yale hayampunguzii uchovu hata kidogo, bali humwonyesha alikotoka.

Mashindano ya baiskeli ya Lombardia yalianza mwaka 1905, na mshindi wa kwanza alikuwa Giovanni Gerbi. Mlima wa Ghisallo uliingizwa katika mashindano hayo mwaka 1919, na mwaka huo Costante Girardengo alishinda. Tangu hapo jina la mlima likaenea. Kanisa lake lilikuwa kimbilio la wasafiri tangu zamani. Hadithi husema kwamba mtu mkubwa aitwaye Ghisallo, aliposhambuliwa na wanyang'anyi, alikimbilia penye picha ya Bikira Maria akaokoka. Padre Ermelindo Viganò aliwaombea wapanda baiskeli nao wapate kimbilio hilo, na mwaka 1949 Papa Pius wa XII akamtangaza Bikira Maria wa Ghisallo kuwa mlinzi wao.

Ukiingia ndani ya kanisa hilo, utaona baiskeli zimetundikwa ukutani. Tuzitazame tatu tu, maana kila moja ina somo lake.

Ya kwanza ni ya Gino Bartali. Huyu alishinda mashindano makuu ya Ufaransa mwaka 1938, na tena mwaka 1948, miaka 10 baadaye. Katika miaka ya 1943 na 1944, Wajerumani walipokuwa wakiwasaka Wayahudi katika Italia, yasemekana aliendesha baiskeli kati ya Firenze na Assisi kana kwamba anafanya mazoezi tu, kumbe ndani ya fremu alificha hati za kuwaokoa watu waliowindwa. Yeye mwenyewe hakupenda kujitangaza kwa jambo hilo. Alifariki mwaka 2000, na mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli ikamhesabu miongoni mwa wenye haki waliowasaidia Wayahudi. Wako wanahistoria waliouliza maswali juu ya ushahidi wa habari hizi, na kuuliza ni wajibu wao.

Ya pili ni ya Fausto Coppi, mshindani mkubwa wa Bartali, aliyeshinda Lombardia mara 5. Naye alionja utumwa wa vita: alitekwa na Waingereza katika Tunisia mwaka 1943. Desemba mwaka 1959 alikwenda Volta ya Juu, nchi iitwayo leo Burkina Faso, kushindana na kuwinda. Aliporudi kwao alishikwa na homa kali. Mwenzake wa safari, Raphaël Géminiani, aliugua vilevile. Waganga wa Ufaransa wakatambua kuwa ni malaria, akapona. Waganga wa Coppi hawakutambua, wakamtibu maradhi mengine. Alikufa tarehe 2 Januari 1960, umri wake miaka 40. Tafakari, msomaji: mtu ambaye milima haikumweza aliangushwa na mbu, na kwa ugonjwa ambao mama yeyote wa Kisumu angaliushuku siku ya kwanza. Elimu si mali ya nchi moja. Ajuaye mengi hana budi kuuliza hata yule amdhaniaye kuwa hajui.

Ya tatu imevunjika. Ni ya Fabio Casartelli, kijana aliyezaliwa Como, aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Barcelona mwaka 1992. Tarehe 18 Julai 1995 alianguka katika mteremko wa milima ya Pirenei akafa, akiwa na miaka 24. Kichwa chake kilikuwa wazi, kwani siku zile kofia ngumu haikuwa sharti. Sharti hilo liliwekwa mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev naye kuanguka na kufa. Mara ngapi binadamu hungoja kaburi la pili ndipo atunge sheria!

Basi, historia haikai katika vitabu na majumba ya wafalme peke yake. Hukaa pia katika bomba la chuma, katika kiti kilichochakaa, na katika gurudumu lililopindika. Labda wewe pia huenda shule kwa baiskeli, ukakipanda kilima chako kila asubuhi bila ya mtu kukupigia makofi. Ufikapo juu, pumzika kidogo utazame nyuma. Kisha jiulize: je, nimebeba nini katika safari hii kitakachomfaa mtu mwingine?