Fainali Iliyofika Mwisho wa Reli

Kombe la FA, kama mashabiki wengi wanavyoliita hata jina la mdhamini linapobadilika, limeishi maisha mawili. Maisha ya kwanza ni yale ya Kombe la Nyerere, ambalo wazee wa Kariakoo na wa barabara ya kumi na ngapi sijui kule Tanga wanalikumbuka vizuri zaidi kuliko kumbukumbu zilizoandikwa. Lilikuwa ndiyo tiketi ya kucheza Kombe la Washindi barani Afrika. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilizimika. Chama cha soka cha Tanzania, FAT, kikawa TFF mwaka 2004, ligi ikapata wadhamini, na kwa zaidi ya miaka 10 nchi yetu ikacheza soka bila mashindano ya mtoano ya taifa. Nafasi za kwenda Afrika zikawa zinapatikana kwa njia ya ligi, na ligi kwa sehemu kubwa ni mali ya Simba, Yanga na, siku hizi, Azam.

Hasara yake ilikuwa kubwa. Timu ya daraja la chini haikuwa na siku hata moja katika mwaka ambayo ingeweza kukutana na Simba kwa jambo lenye uzito. Kuna mikoa iliyokaa miaka na miaka ikizifuata timu kubwa kwa redio, kisha kwa televisheni, bila kuziona zikicheza mechi ya maana kwenye uwanja wa nyumbani.

Maisha ya pili yalianza msimu wa 2015–16, TFF ikiwa chini ya Jamal Malinzi na kampuni ya Azam ikiwa mdhamini. Mashindano yaliitwa Azam Sports Federation Cup, na fainali ya kwanza ilichezwa tarehe 25 Mei 2016 Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Yanga, waliokuwa tayari mabingwa wa ligi, waliwafunga Azam 3–1. Kwa hiyo mwaka wa kwanza kombe lilirudia tu yale ambayo ligi ilikuwa imeshayasema: timu mbili za Dar, uwanja wa Dar, bingwa yuleyule.

Kilicholiokoa ni uamuzi wa kulitoa nje. Fainali ya 2017 ilipelekwa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, na ndipo kombe lilipoanza kuwa na sura yake lenyewe. Mbao FC ya Mwanza, timu iliyokuwa msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, iliwatoa Yanga kwenye nusu fainali pale CCM Kirumba. Kwenye fainali iliwabana Simba hadi muda wa nyongeza, ikatanguliwa, ikasawazisha, na ni penalti ya Shiza Kichuya mwishoni kabisa iliyoamua 2–1. Watu hukumbuka ubingwa wa Simba siku ile, lakini husahau jambo moja: Simba walikuwa hawajacheza mashindano ya Afrika tangu 2013. Klabu kubwa kama ile ilirudi barani kwa mlango wa kombe hili.

Miezi michache baadaye bingwa huyohuyo alianza kutetea taji lake Desemba 2017 dhidi ya Green Warriors, timu ya madaraja ya chini. Sare 1–1, matuta, Simba nje. Kocha Joseph Omog alifukuzwa kazi mara tu baada ya hapo. Mwaka uliofuata, Desemba 2018, Mashujaa ya Kigoma walikuja Dar es Salaam wakawafunga Simba 3–2 kwenye Uwanja wa Taifa. Ukiniuliza kwa nini nchi inahitaji mtoano, nitakutajia mechi hizo mbili kabla ya fainali yoyote.

Fainali zikaendelea kusafiri. Arusha 2018, Mtibwa Sugar wakiwafunga Singida United 3–2, fainali isiyo na Simba wala Yanga. Lindi 2019, Uwanja wa Ilulu, Azam wakiwafunga Lipuli ya Iringa 1–0 kwa bao la Mzambia Obrey Chirwa. Lipuli hao walikuwa wamewatoa Yanga kule Uwanja wa Samora kwa mabao 2–0. Sumbawanga 2020, msimu uliokatwa katikati na korona, Simba wakiwafunga Namungo 2–1. Namungo, timu ya Ruangwa, walienda Kombe la Shirikisho Afrika kwa sababu Simba walikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa, na wakafika hatua ya makundi. Wilaya moja ya Lindi ikawa inatajwa kwenye droo pamoja na Raja Casablanca na Pyramids.

Hapa kuna jambo linaloniuma. Timu tatu zilizopoteza fainali mfululizo, Mbao ya 2017, Singida United ya 2018 na Lipuli ya 2019, zote zilishuka daraja mwisho wa msimu uleule wa 2019–20. Kombe lilizipa timu hizo umaarufu, lakini halikuzipa fedha za kulipa mishahara ya wachezaji, na wachezaji waliong'aa kwenye fainali hawakukaa. Anayesherehekea historia ya mashindano haya lazima aiseme na hiyo.

Kisha ukaja msimu wa 2020–21, ambao kwangu ndio bora kuliko yote.

Nusu fainali zilipelekwa mbali makusudi. Yanga walicheza na Biashara United ya Mara kwenye Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora, wakashinda 1–0 kwa bao la Yacouba Sogne. Simba na Azam walikutana Majimaji, Songea, na Luis Miquissone akafunga bao pekee la mchezo, lililotokana na mpira wa adhabu uliopigwa haraka huku Azam wakilalamika kwamba hawakuwa tayari. Hivyo fainali ikawa ya watani wa jadi, Simba na Yanga, na uwanja uliopangwa ulikuwa Lake Tanganyika, Kigoma.

Ni vigumu kwa aliye Dar kuelewa uzito wa habari hiyo kwa mtu wa Kigoma. Reli ya Kati ilifika pale mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani, na kwa muda wote huo safari ya mpira imekuwa ya upande mmoja: vijana wenye vipaji hupanda treni kwenda Dar es Salaam, na mashabiki wanaobaki huzifuata Simba na Yanga kwa mbali. Mwaka 2021 mkoa haukuwa hata na timu Ligi Kuu. Mechi ya watani yenye kombe mezani, mtu angelazimika kuisafiria siku mbili.

Safari hii waliosafiri walikuwa wengine. Watu walitoka Tabora, Kahama, Mwanza na Dar kwa mabasi na treni; nyumba za wageni zikajaa, na waliokosa vyumba wakapokewa majumbani. Mji wa migebuka na mawese, wenye Burundi kaskazini na Kongo ng'ambo ya ziwa, ukawa kitovu cha soka la Tanzania kwa juma zima.

Uhasama ulikuwa umepanda. Tarehe 8 Mei mechi ya ligi ya watani haikuchezwa: muda ulisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, Yanga wakafika kwa muda wa awali kisha wakaondoka, na maelfu waliokuwa uwanjani wakarudi nyumbani bila kuona mpira. Ilipochezwa tarehe 3 Julai, Zawadi Mauya aliwapa Yanga ushindi wa 1–0. Simba walimaliza mabingwa wa ligi kwa mara ya nne mfululizo, Yanga wakiwa wa pili. Na kwa kuwa Simba walikuwa wamefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Tanzania ilipata nafasi nne za Afrika kwa msimu uliofuata. Maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda Kigoma kutafuta tiketi. Wote wawili walikuwa nayo. Kilichokuwa uwanjani tarehe 25 Julai ni kombe na heshima.

Mchezo wenyewe haukuwa mzuri kwa macho, na sioni sababu ya kuupamba. Ulikuwa mzito, wa miili, wenye faulo nyingi. Kabla ya mapumziko Mukoko Tonombe wa Yanga alipewa kadi nyekundu kwa kumchezea vibaya John Bocco, na kikosi cha Nasreddine Nabi kikalazimika kujihami. Kilijihami vizuri. Simba ya Didier Gomes ilikuwa na mpira, lakini njia haikuonekana. Dakika ya 79 ikapigwa kona, na Taddeo Lwanga, kiungo wa Uganda ambaye kazi yake ilikuwa kukata mashambulizi na wala si kufunga, akapiga kichwa. Bao 1–0, na ndivyo ilivyoisha.

Lililo muhimu kuliko bao ni kwamba ilithibitika inawezekana. Mechi kubwa kuliko zote nchini ilitolewa Dar es Salaam ikapelekwa ukingoni mwa nchi, ikachezwa, ikaonyeshwa moja kwa moja, ikaisha, na watu wakarudi makwao. Waliosema Kigoma ni mbali mno walikuwa wanapima kutoka Dar.

Baada ya hapo kombe likawa la Yanga. Arusha 2022 ilitoa fainali tamu kuliko zote kwa mpira uliochezwa: Coastal Union 3, Yanga 3, na Abdul Sopu akafunga yote matatu ya Coastal, Wagosi wa Kaya, kabla ya Yanga kushinda kwa matuta 4–1. Sijui mchezaji mwingine wa hapa aliyefunga mabao matatu kwenye fainali akaondoka bila kombe. Mkwakwani, Tanga, 2023, bao la Kennedy Musonda likawazamisha Azam. Mwaka 2024, CRDB wakiwa wamechukua udhamini, Yanga na Azam walikwenda New Amaan, Zanzibar, sare tasa, matuta 6–5 kwa Yanga. Mwaka 2025 Singida Black Stars walifungwa 2–0 palepale New Amaan.

New Amaan ni uwanja mzuri, na Wazanzibari wanastahili fainali kama mkoa mwingine wowote. Lakini mara mbili mfululizo mahali pamoja, kwenye mashindano ambayo nguvu yake yote imetoka katika kuhama, ni dalili ya kuangaliwa. Hadi fainali ya 2025, Kaitaba ya Bukoba haikuwa imepewa fainali. Sokoine ya Mbeya haikuwa imepewa. Songea, Mtwara, Tabora na Mwanza zilikuwa zimeonjeshwa nusu fainali tu. TFF inaweza kuutaja uwanja wa fainali siku ya droo ya kwanza, mapema kabla ya mvua, ili mkoa uliochaguliwa upate miezi ya kutengeneza nyasi, vyoo na majukwaa, na ili shabiki wa Yanga aliye Kagera ajue mwezi gani aanze kuweka akiba ya kiingilio.