Bunduki Haijibu Swali la Mshahara



Viwanda huleta mali, lakini pia huleta swali ambalo jembe la nyumbani halikulijua: saa ya kazi ya mtu ina thamani gani, na ni nani wa kuamua? Nchi nyingi, kabla ya kulijibu swali hilo, zilimtanguliza askari.

Marekani ni mfano wa zamani. Januari 1834 Rais Andrew Jackson alituma wanajeshi kuzima ghasia za wachimbaji wa mfereji wa Chesapeake na Ohio. Ilikuwa mara ya kwanza jeshi la serikali kuu kuingizwa katika mgogoro wa kazi. Mwezi uliofuata, wasichana wa viwanda vya nguo vya Lowell waliacha mashine zao kupinga kupunguzwa mshahara. Walishindwa. Lakini katika miaka ya 1840, wakiongozwa na akina Sarah Bagley, walikusanya maelfu ya saini kudai siku ya kazi ya saa 10. Mwaka 1842 mahakama ya juu ya Massachusetts ikakubali kwamba kuunda chama cha wafanyakazi, peke yake, si njama ya uhalifu. Sheria ya saa 10 kwa wanawake na watoto ilipatikana huko mwaka 1874.

Turudi kwetu. Tangu mwaka 1925 maelfu ya vijana wa Rwanda na Burundi waliandikwa kwenda Katanga kuchimba shaba ya kampuni ya Union Minière. Vita Kuu ya Pili ilipofika, shaba ilihitajika mno na bei za vitu zikapanda. Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika waligoma. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, ambao leo ni mji wa Lubumbashi, wakidai nyongeza. Gavana Maron alikuja na askari. Risasi zikapigwa. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pamoja na makumi ya wenzake. Idadi kamili inabishaniwa hadi leo.

Nani alishika bunduki zile? Ni askari Waafrika wa jeshi la koloni, chini ya maofisa wa Kibelgiji. Nao walikuwa na manung'uniko yao. Februari 1944 askari wa kambi ya Luluabourg waliasi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ikaruhusu vyama vya wafanyakazi Waafrika, ingawa kwa masharti mengi. Jambo lililokataliwa uwanjani likakubaliwa ofisini, wafu wakiwa wamekwisha zikwa.

Linganisheni na Mombasa. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli na mahoteli waligoma. Baada ya siku 12 walirudi kazini, Eliud Mathu akiwa amewasihi, na baraza la Jaji Thacker likachunguza mishahara yao na kuipandisha. Hata hivyo kiongozi wao, Chege Kibachia, alihamishwa kwa nguvu mwaka huo huo, na Septemba polisi waliwaua wafanyakazi watatu huko Uplands. Somo lilikuwa limeonekana, lakini halikushikwa.

Ndugu askari, nidhamu ni uti wa mgongo wa jeshi, na mji usio na amani hauna kiwanda wala mshahara. Gisenyi yetu, yenye kiwanda cha bia tangu mwaka 1957, yalijua hilo. Lakini wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Askari anaweza kulinda lango la kiwanda; hawezi kuujaza mfuko wa mfanyakazi. Kazi hiyo ni ya meza ya mazungumzo na ya sheria. Askari akiilinda meza hiyo isivunjwe na upande wowote, amelinda taifa. Akitumwa kuchukua nafasi yake, atabebeshwa damu ya ndugu zake, na swali litabaki palepale likingoja jibu.