Raba za Mlango wa Datsun

Ndugu wanafunzi mlio shuleni sasa, na wenzangu tuliokwisha kutoka, nimeombwa habari za zamani. Nami nitasimulia habari ya raba za vioo vya mlango wa gari, kwani nilijifunza kazi yake kwa aibu.

Vijana wa rika langu hawakuhitaji kuelezwa Datsun 240Z ni gari gani. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Edgar Herrmann alishinda kwa gari hilo mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Baba yangu mdogo alinunua moja kuukuu Nairobi mwaka 1976. Lilipofika Masama, sisi watoto tulilikimbilia hadi migombani.

Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Vipuri tulivyovifuata Nairobi vikawa havipatikani. Jua na vumbi vilizikausha raba hata zikapasuka.

Masika ya 1982 nilikuwa kidato cha tatu, nimekuja likizo, nami najiona fundi. Nilikata tyubu ya lori, nikabandika vipande kwa gundi kando ya kioo. Kisha nikaona maji yakichuruzika kwenye matundu madogo chini ya mlango. Nikadhani ni kutu. Nikayaziba yote kwa lami, na baba mdogo akanisifu mbele ya wageni.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mwaka uliofuata alipata raba mpya, tukateremka Moshi kwa fundi mmoja mzee. Alipofungua kava ya ndani, bati la chini lilimvunjikia mkononi kama jani kavu la mgomba.

"Nani aliziba matundu haya?"

"Ni mimi, mzee."

Hakukasirika. Alinieleza kwamba raba hupunguza maji tu, haiyazuii yote. Yanayopita hushuka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu yale, ambayo mtengenezaji aliyaweka makusudi. Akakata bati lililooza, akachomelea kiraka, akapaka rangi. Ndipo akapachika raba kwa maji ya sabuni, akianzia pembeni, bila kuivuta. Ukiivuta, alisema, kesho itajirudi na kuacha mwanya.

Njiani baba mdogo alisema neno moja tu: "Mtoto wa Masama, umesahau mfongo?"

Nilinyamaza. Babu zetu walichimba mifongo kuteremsha maji ya mlimani hadi mashambani, na siku ya kuizibua watu walitoka na majembe. Walijua kwamba maji yaliyozibiwa njia hubomoa.

Wadogo zangu, mtarithi vitu vingi mtakavyoviona vibovu. Kabla hamjaziba tundu, ulizeni kwanza lilitobolewa kwa nini.