Magofu ya Gede: Historia Fupi ya Taasisi na Walioijenga

Katika Kaunti ya Kilifi, yapata kilomita 16 kusini mwa Malindi na karibu na Watamu, ndani ya msitu wa asili ambao miti yake imeotea hadi kwenye kuta za vyumba vya kulala, yamehifadhiwa magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukastawi katika karne ya 15, kisha ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Taasisi inayoyatunza magofu hayo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na yeyote anayepita leo katika njia zake zilizofagiwa, akausoma mji nyumba kwa nyumba, ananufaika na kazi iliyofanywa hasa katika miaka 10 ya mwanzo, kazi ambayo haijapata kushukuriwa inavyostahili.

Ulinzi wa mahali hapo ulitangulia sheria yoyote. Wagiriama, ambao ni miongoni mwa makabila tisa ya Wamijikenda, waliyahesabu magofu kuwa makao ya roho za wazee wa kale, wakayaendea kwa sadaka na kwa hadhari, na heshima hiyo iliuacha msitu usimame wakati mashamba yalipoenea pande zote. John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar, alifika mwaka 1884, lakini ni mwaka 1927 tu ndipo serikali ya kikoloni ilipoitangaza Gede kuwa mahali pa kihistoria, na miaka ya 1930 ilipokuwa ikimalizika kuta zilizokaribia kuanguka zikaanza kutengenezwa.

Mwaka 1948 ndio unaostahili kuitwa mwaka wa kuzaliwa kwa taasisi, kwa kuwa ndipo Gede ilipofanywa hifadhi ya taifa na James Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza, akateuliwa kuwa msimamizi wake. Kwa muda wa miaka 10 alichimba, akapima, akaandika na kuhifadhi, huku vibarua wa vijiji vya jirani wakifyeka vichaka na kuchekecha udongo, watu ambao majina yao hayakuingia katika vitabu ingawa hakuna ukurasa wa vitabu hivyo uliowezekana bila mikono yao. Kirkman mwenyewe alikiri katika maandishi yake kwamba siku za mwanzo alihisi kama kuna kitu kikimtazama kutoka nyuma ya kuta, kisicho na uadui wala urafiki, kikingoja tu. Maneno hayo yalikubaliana vizuri na yale ambayo wazee wa Kigiriama walikuwa wakiyasema siku zote.

Uamuzi wake mkubwa kuliko yote ulikuwa wa kutoujenga mji upya. Kuta zilitegemezwa, vifusi vikaondolewa, miti mikubwa ikaachwa, na paa za boriti na chokaa zilizokwisha kuporomoka hazikurudishwa, hata mgeni akaweza kuamini kwamba anachokiona ndicho kilichoachwa na wenyeji wenyewe. Nyumba nazo zilipewa majina kutokana na vitu vilivyopatikana ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Sarafu za Kichina, na Nyumba ya Simbi, yaani makoa madogo ya baharini yaliyotumiwa kama fedha. Ni njia nyepesi, lakini yenye adabu, kwa sababu humfanya mwenye nyumba akumbukwe kwa kitu alichokishika kila siku.

Kiini cha ziara ni Msikiti Mkuu, ambao ndio msikiti wa Ijumaa, yaani ule unaokusanya mji mzima kwa swala ya adhuhuri ya siku hiyo. Mgeni hukuta safu 3 za nguzo za mraba zilizobeba paa, safu ya katikati ikielekea moja kwa moja kwenye mihrabu, ile shubaka ya ukuta wa kibla anaposimama imamu, kama ilivyo desturi ya misikiti mingi ya kale ya pwani. Kando yake iko mimbari ya kuhutubia, na nje kuna kisima pamoja na birika la kutawadhia. Karibu na hapo yapo makaburi ya nguzo, yaliyosimamishiwa mnara wa mawe, na lile Kaburi la Tarehe, ambalo lipu yake imechorwa mwaka wa Hijria 802, sawa na 1399 Miladia. Bila kaburi hilo hesabu ya umri wa mji ingekosa nguzo yake, kwani Wareno, waliokaa Malindi jirani kwa karibu karne nzima, hawakuutaja mji wenye jina la Gede hata mara moja. Inafaa wageni wakumbushwe kwamba hapo palisujudiwa, na kwamba utulivu ni haki ya waliozikwa.

Kirkman aliuita mji huo wa Waarabu katika kitabu chake cha 1954. Wataalamu waliomfuata, wakiyategemea mabaki aliyoyachimba yeye mwenyewe, wamethibitisha kwamba ulikuwa mji wa Waswahili wenye biashara iliyofika Uchina, na sahihisho hilo halikumpunguzia heshima. Baada ya 1958 alihamia Ngome ya Yesu, Mombasa.

Miaka iliyofuata ilikuwa na mengi. Mwaka 1969 Gede iliwekwa chini ya Makumbusho ya Taifa; mwaka 1993 ulianza mradi wa Kipepeo, ambao hununua kutoka kwa wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke mabuu ya vipepeo ili msitu uwafae ukiwa umesimama; jengo la makumbusho likaongezwa; na uchimbaji ukaendelezwa na wataalamu wa Kifaransa, kisha vyombo vya kauri vikachunguzwa na wa Kichina. Misimu ya uchache wa watalii ilikuwapo, na mwaka 2020 malango yalifungwa kwa muda kwa sababu ya maradhi ya korona, lakini watunzaji hawakuuacha msitu. Mwezi Julai 2024 UNESCO iliiingiza Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia, ikaungana na Mji Mkongwe wa Lamu, kaya za Wamijikenda na Ngome ya Yesu, ndugu zake wa pwani waliotangulia.