Mtafiti Baada ya Uzamivu

Mtu akipata shahada ya kwanza, kwao wanaelewa. Akiongeza uzamili, bado wanaelewa. Akifika uzamivu, au uzamifu kama waandikavyo wengi nchini Kenya, wanamwita daktari na kumchinjia mbuzi. Kisha anaaga kwamba anakwenda Uswisi miaka miwili kwa "posti-doki", na wazee wanauliza: shahada gani tena hiyo? Wana haki ya kuuliza. Istilahi tuliyowapa ndiyo iliyowapoteza.

Tafsiri iliyozagaa ni "masomo ya baada ya uzamivu", na wapo wanaoandika hata "shahada ya baada ya uzamivu". Shahada kama hiyo haipo. Ngazi za shahada zinakomea kwenye uzamivu. Kinachofuata ni kazi. Mwenye nafasi hiyo ana mkataba, mara nyingi wa mwaka mmoja hadi mitatu, ana mshahara au posho ya ufadhili, na ana swali la utafiti analotakiwa kulikabili mwenyewe ndani ya kundi linaloongozwa na mtaalamu mwingine. Hafanyi mtihani, haandiki tasnifu, havai joho. Anachoondoka nacho ni makala zenye jina lake.

Ili tuone kazi yenyewe, tuchukue nafasi ya utafiti wa ikolojia ya mageuko na jenomiki, twende Mwanza, kwa furu.

Furu ni wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria ambao wavuvi huwajumuisha chini ya jina moja. Wanabiolojia wanahesabu humo spishi zipatazo 500, na ajabu iko kwenye muda: ziwa hilo lilikauka, likajaa tena miaka takriban 15,000 iliyopita. Kwa viumbe wenye uti wa mgongo, spishi nyingi hivyo kutokea ndani ya muda huo ni kasi ya kushangaza. Miongoni mwao yuko Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume lake lina mgongo mwekundu. Nduguye, Pundamilia pundamilia, ni wa buluu mwenye milia myeusi, na jina lake lote ni Kiswahili kitupu, limo katika vitabu vya sayansi dunia nzima.

Wa buluu hukaa karibu na uso wa maji, mwekundu chini zaidi. Maji ya ziwa yana tope, na kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga wa buluu unavyopotea na mwekundu kubaki. Jike huchagua dume kwa rangi aionayo vizuri, na jeni ya macho inayopokea mwanga mwekundu inatofautiana kati ya spishi hizi mbili. Pale maji yanapochafuka sana, jike hashiki tofauti, na spishi huanza kuchanganyika. Hiyo ndiyo ikolojia ya mageuko: jinsi mazingira yanavyogeuza viumbe kizazi hadi kizazi.

Neno jenomiki nalo linahitaji uangalifu, maana wengi hulichanganya na jenetiki. Jenetiki hushughulika na jeni, yaani kipande kimoja cha urithi. Jenomiki hushughulika na jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, ambayo kwa jamii ya furu na sato ni takriban herufi bilioni moja. Mwaka 2014 zilichapishwa jenomu za spishi tano za jamii hii kutoka Afrika, mmojawapo akiwa huyo nyererei. Mwaka 2017 utafiti mwingine ulionyesha kwamba furu wa Viktoria wametokana na koo mbili zilizochanganyika zamani, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya Juu. Ugunduzi wa namna hii unamtaka mtu anayejua kutupa nyavu, kutoa DNA kwenye kipande cha pezi, na kuandika programu ya kuchambua mabilioni ya herufi. Mwanafunzi hawezi kuajiriwa kwa hayo yote siku ya kwanza. Aliyekwisha kuhitimu uzamivu anaweza.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "mtafiti baada ya uzamivu", na nafasi yenyewe tuiite "ajira ya utafiti baada ya uzamivu". Ni jina refu, nakubali, lakini linasema kweli. Uzamivu mzizi wake ni kuzama: mwanafunzi hufundishwa kuzama, na mtafiti huyu analipwa kwa kuwa anajua.

Jambo hili si la sarufi tu. Samaki wanavuliwa Mwanza, na sehemu kubwa ya jenomu zao inachambuliwa katika maabara za Ulaya, zikiwamo za Bern, Uswisi. Kijana wetu mwenye uzamivu wa samaki akidhani tangazo la nafasi ya utafiti huko linamwita darasani tena, atalipita, kwa kuwa amechoka kusoma na ana watoto wa kulisha. Msomaji mwenye ndugu wa aina hiyo, mwambie: hiyo ni kazi, ina mshahara, aombe.