Saikloni: kitenga vumbi cha karakana ya nyumbani

Saikloni ni chombo kinachotenga vumbi na hewa kwa kuizungusha hewa yenyewe, bila kutumia chujio. Hewa chafu huingia ubavuni mwa pipa na kulazimika kuzunguka. Chembe nzito hurushwa ukutani, hupoteza mwendo na kuanguka chini, huku hewa iliyopungua vumbi ikitokea juu kupitia katikati. Hataza ya chombo cha aina hii ilitolewa Marekani mwaka 1885 kwa jina la John M. Finch.

Kukiita kimbunga, kwa kutafsiri jina hilo, ni kumpeleka msomaji baharini kwenye dhoruba. Upepo unaofanana nacho ni kisulisuli, ule unaozunguka na kuinua vumbi barabarani wakati wa kiangazi. Hata hivyo, jina la chombo lingefaa litaje kazi yake, kama kifyonza kinavyotaja kufyonza. Kwa hiyo kitenga vumbi ndilo jina bora. Kukiita kichujio ni kosa la hatari, kwa sababu vumbi laini kabisa hukipita na kuendelea na hewa.

Vumbi hilo laini ndilo lenye madhara makubwa. Maranda ya randa huonekana na kufagiwa, lakini unga unaotoka kwenye msasa huelea hewani kwa muda mrefu, na chembe zisizofika maikromita 10 zaweza kuingia ndani ya mapafu. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Msaji, unaopandwa Ekwatoria nchini Sudan Kusini na kupendwa kwa samani, huwasha ngozi za baadhi ya mafundi na waweza kuleta pumu. Katika mtaa kama Atlabara, jijini Juba, karakana iliyo chini ya paa la mabati ikipakana na chumba cha kulala, anayelivuta vumbi si seremala peke yake. Watoto nao hulala katika chumba hicho.

Kitenga cha bei nafuu hutengenezwa kwa ndoo ya rangi ya lita 20, yenye plastiki nene. Ndoo nyembamba hubonyea mpira wa kuvutia hewa unapoziba. Namna inayofaa zaidi kwa ndoo ni ile ya Mmarekani Phil Thien. Kisahani cha plaiwudi huning'inizwa kwa bolti chini ya kifuniko, nafasi iliyo kati yake na kifuniko ikizidi kidogo upana wa bomba. Ukingo wa kisahani hukatwa mwanya wa milimita 28 hivi kwa theluthi mbili za mzingo wake, na sehemu isiyokatwa hukaa chini ya mlango wa hewa. Bomba la kuingizia huishia kwenye kona inayotazama ubavuni, ili hewa ifuate ukuta; la kutolea husimama katikati, mdomo wake ukiwa juu ya kisahani. Kitundu kidogo tu kwenye ndoo huingiza hewa na kulirusha upya vumbi lililotulia, kwa hiyo kila kiungo huzibwa kwa silikoni.

Ndoo huwekwa kati ya mashine na kifyonza. Hivyo chujio la kifyonza halizibi upesi, na nguvu ya kuvuta hubaki; hii ndiyo faida kubwa kuliko zote. Chujio lenyewe liwe la kunasa chembe laini, au kifyonza kikae nje, na fundi avae barakoa ya N95 anapopiga msasa. Mpira uwe mfupi, usiokunjwa mara nyingi. Kwa randa ya mashine, kifyonza cha nyumbani hakitoshi: maranda huhitaji feni yenye bomba la milimita 100, kwani kinachohitajika hapo ni wingi wa hewa.

Ndoo imwagwe kabla vumbi halijakaribia kisahani. Likikifikia, hewa hulizoa na kulipeleka moja kwa moja kwenye chujio.